Namba Tatu za Alhamisi

Faili lilikuwa moja, malalamiko mawili. La kwanza lilikuwa la mume, kwa wino mweusi na mwandiko mdogo wa mtu aliyezoea kuandika kwenye vikaratasi vya kufungia saa. La pili lilikuwa la mke, kwa wino wa bluu, herufi kubwa zinazovuka mstari. Wote wawili walifika kituoni Jumanne, mmoja asubuhi, mwingine mchana, bila kukutana. Na kila mmoja, pale fomu inapouliza jina la mtuhumiwa, alikuwa ameandika jina la mwenzake.

Askari wa mapokezi walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mpelelezi hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, wa viatu visivyo na kisigino, na wenzake walimbatiza Mama Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata siku ile dari ya ofisi ilipoanza kudondoka. Alitoka chini ya ile dari akiwa amebeba chai yake na mafaili yake yote. Alhamisi hii asubuhi alilivuta faili karibu, akavaa miwani na kulisoma kuanzia mwanzo.

Mume ni fundi saa. Mke ni fundi cherehani. Kwa miaka sita walikuwa wakiweka akiba yao kwenye akaunti ya sarafu za mtandaoni, wakinunua na kuuza kidogo kidogo, kwa adabu. Aliyewafungulia akaunti ni binti yao, anayefanya kazi mbali, na binti huyo aliiwekea makufuli mawili. Neno la siri alilijua baba peke yake. Namba ya tarakimu sita, ile inayobadilika kila nusu dakika, ilitoka kwenye simu ya mama peke yake. Hakuna aliyeweza kuingia bila mwenzake.

Mpango ulikuwa mzuri na mpelelezi aliupenda. Ulikuwa na kasoro moja tu. Siku akaunti ilipokutwa tupu, kila mmoja alijua kwa hakika kwamba mkono wake ni safi, kwa hiyo akabaki mtu mmoja wa kushukiwa, na mtu huyo walikuwa wanalala naye kitanda kimoja.

Mkuu wa kituo alitaka faili lipelekwe kwa mwendesha mashtaka saa nane mchana, na alitaka liende na lalamiko moja, si mawili. Achague moja, alisema, hili la mume au lile la mke, lingine alifute. Mpelelezi alielewa maana yake. Yeyote ambaye jina lake lingetoka kwenye mlango wa kituo angelala mahabusu usiku huo, na ndoa ya miaka ishirini na sita ingelala naye.

Barua ya ile kampuni ya sarafu ilikuwa imefika asubuhi hiyohiyo. Ilikuwa fupi na mpelelezi aliisoma mara tatu, kidole chini ya mstari. Alhamisi iliyopita, saa moja na dakika tisa asubuhi, mtu aliingia kwenye akaunti kwa kifaa kisichojulikana. Saa moja na dakika kumi mtu huyo alisajili anwani mpya ya kutolea sarafu. Saa moja na dakika kumi na mbili akaunti ilifunguliwa tena, safari hii kwa kompyuta ya kila siku ya fundi saa. Anwani mpya ilitakiwa kusubiri siku nzima kabla ya kutumika. Ijumaa mchana, siku ilipotimia, kila kitu kilihamishwa, na uhamisho huo haukuomba namba kwa kuwa anwani ilikuwa imeshakubaliwa. Kampuni ilituma barua pepe ya tahadhari, lakini haikufunguliwa na mtu.

Alichukua penseli akaandika pembeni: kuingia, namba moja. Kusajili anwani, namba ya pili. Mwizi alihitaji namba mbili zilizo hai, kutoka kwenye simu ya mama, na neno la siri kutoka kichwani mwa baba. Alifunga faili, akalitia kwapani na kuondoka kwa mwendo wake.

Mafundi wale walikuwa kwenye jengo la chini lenye ujia mrefu katikati na vyumba vidogo pande zote mbili. Chumba cha fundi saa kilikuwa kulia. Cha mkewe kilikuwa kushoto, mlango kwa mlango, na kati yao palikuwa na hatua nne tu za sakafu ya saruji. Milango yote miwili ilikuwa wazi. Mke aliinamia cherehani, mume aliinamia meza, na kila mmoja aliinama kwa bidii zaidi mpelelezi alipotokea.

Alianza na mume. Alikuwa mtu mwembamba, mvi zimechongwa vizuri, lenzi nyeusi ya fundi imepandishwa kwenye paji la uso. Ukutani saa zaidi ya thelathini zilionyesha wakati mmoja, hadi sekunde. Alimpa mpelelezi kiti, akakifuta kwanza, kisha akaeleza bila kuulizwa mara mbili. Walikuwa wakifungua akaunti kila Jumatatu na Alhamisi, saa moja asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Yeye huwasha kompyuta, huandika neno la siri, halafu huita “Namba!” kupitia mlangoni. Mkewe husoma kutoka ng'ambo, yeye huandika, akaunti hufunguka. Miaka sita wamefanya hivyo na hakuna siku ambayo mmoja wao alivuka ujia. Kulikuwa na haja gani, aliuliza, wakati sauti inafika?

Kisha alifungua daftari. Lilikuwa daftari nene la jalada gumu, ambamo aliandika kazi zake zote, na kurasa za nyuma aliziweka kwa ajili ya akaunti. Kidole chake kilisimama kwenye Alhamisi iliyopita. Palikuwa na mstari mmoja: saa moja na dakika kumi na mbili, imefunguka.

Mpelelezi alilinganisha na barua ya kampuni. Dakika ilikuwa ileile. Alimuuliza mkewe alisoma namba mara ngapi asubuhi hiyo.

“Daftari linasema mara moja.”

“Nimekuuliza wewe, fundi. Sijaliuliza daftari.”

“Mimi na daftari ni kitu kimoja, afande.”

Alilisema hilo kwa kiburi kidogo, na mpelelezi alikiacha kiburi kikae. Aliuliza kama wiki ile kulikuwa na jambo lolote lililobadilika. Fundi saa alifikiri. Hakuna, alisema, isipokuwa Jumatano, siku moja kabla, kompyuta ilikuwa nzito mno, akaipeleka kwa fundi kompyuta mwisho wa ujia ikasafishwe.

Hapo mtu mwingine angekimbia. Mpelelezi alitembea mpaka mwisho wa ujia na kumkuta fundi kompyuta, mtu wa makamo mwenye tumbo na heshima, akila mezani. Ni kweli alikaa na mashine mchana kutwa. Lakini neno la siri halikuwa ndani ya mashine, kwa kuwa binti alimkataza baba yake kulihifadhi popote. Na ile Alhamisi fundi kompyuta alikuwa hospitali ya watoto tangu saa kumi na mbili asubuhi, akifunga printa sita, na alikuwa na hati yenye mihuri ya watu watatu. Mpelelezi alipiga simu hospitali, akasubiri, akaambiwa ndiyo, alikuwepo, na printa mbili bado hazifanyi kazi. Alimfuta kwenye orodha. Akiwa mlangoni aliuliza swali la mwisho, kusafisha maana yake nini hasa. Maana yake kufuta kila kitu, alijibiwa, na kupanga upya. Picha, programu, kurasa zilizohifadhiwa, vyote huondoka. Mpelelezi aliliandika hilo na kuweka nukta.

Mke hakuacha kushona. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti nzito, pini tatu zimebanwa midomoni, na mezani kwake palikuwa na rundo la sare za wauguzi zilizokuwa zikingoja vifungo. Alizungumza na pini zake midomoni na hakuna neno lililopotea. Tangu Jumanne alikuwa akilala kwa dada yake mkubwa. Asubuhi huja kazini, jioni huondoka, na yule mtu wa ng'ambo hajamwambia hata habari za kuamka.

Alipoulizwa kuhusu namba za Alhamisi, alizitoa pini.

“Nilisoma mpaka nikachoka, dada yangu. Anaita namba, nampa. Anaita tena, nampa. Mara mbili, mara tatu, sikuhesabu, nilikuwa na mteja anapimwa kiuno. Ninachojua si mara moja. Nimempa yeye tu. Sasa yeye alizipeleka wapi?”

“Umemwambia hivyo?”

“Nimemwambia. Akanifungulia daftari.”

Alirudisha pini midomoni, akashona upya mshono aliokwisha kuushona. Mpelelezi aliangalia pembeni ili asimwaibishe. Alimhurumia, na hakuona sababu ya kujidanganya kwa jambo hilo.

Alitoka akasimama katikati ya ujia, hatua mbili kutoka kila mlango, akapanga mambo kichwani. Mume anasema mara moja, mke anasema zaidi. Kama mke alisoma mara moja tu, basi zile namba mbili za mwizi zilitoka kwenye simu yake kwa njia nyingine, na mtuhumiwa ni mke. Kama alisoma mara tatu, basi namba mbili zilifika kwa mume na hazikufungua akaunti yake, na mtuhumiwa ni mume. Kesi yote ilikuwa imekaa juu ya hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza, na wenye hesabu yao walikuwa wawili, kila mmoja na jibu lake.

Alihitaji mtu wa tatu aliyesikia.

Jirani wa fundi saa alikuwa fundi viatu. Kati yao palikuwa na ubao mwembamba tu, uliopigiliwa misumari na kupakwa rangi upande mmoja, kwa hiyo mtu akipiga chafya huku, kule anaambiwa pole. Mpelelezi aliingia, akaketi kwenye benchi, akavua kiatu cha kushoto ambacho kisigino chake kilikuwa kimeanza kufunguka, na kumpa. Fundi viatu alikipokea kwa furaha. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na alikuwa amefika kwenye bei ya gundi mpelelezi alipoinua macho kutazama ule ubao.

Ulikuwa umejaa chaki. Namba za tarakimu sita, moja chini ya nyingine, zimepangwa kwa siku. Jumatatu, Alhamisi, Jumatatu, Alhamisi.

“Hizi ni nini, fundi?”

Alisema ni namba za simu za wateja.

“Za tarakimu sita?”

Fundi viatu alikitazama kiatu kana kwamba kingemsaidia. Mpelelezi alitoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya benchi taratibu, na akaunyoosha mguu wake usio na kiatu kama mtu asiye na haraka. Fundi viatu alifuta jasho kwa mkono wenye gundi, jambo alilolijutia mara moja, kisha akasema yote.

Ulikuwa mchezo. Yeye na kinyozi, ambaye chumba chake kinapakana na cha mke upande wa pili, walikuwa na zamu ya kufagia ujia na kila mmoja aliichukia. Shemeji akisoma namba, sauti ile hufika hadi barabarani. Basi walikubaliana. Tarakimu ya mwisho ikiwa chini ya tano, kinyozi anafagia. Ikiwa tano au zaidi, anafagia yeye. Chaki ilikuwa ya kuzuia ubishi. Namba zenyewe ni za nini hakujua, alidhani ni za saa za wateja, na alimwomba afande, tafadhali sana, shemeji asijue.

Mpelelezi alimpima. Mtu mwenye namba zote za miezi minne ukutani si mtu wa kupuuzwa, na kwa dakika nzima alimweka juu ya orodha. Kisha alimteremsha. Namba ile hufa baada ya nusu dakika, na huyu alihitaji muda zaidi ya huo kutafuta chaki. Na hata angekuwa mwepesi, neno la siri halipiti kwenye ubao, kwa sababu halisemwi. Alisimama kwa mguu mmoja, akasogea kuitafuta Alhamisi iliyopita.

Zilikuwa namba tatu.

“Siku hiyo tuligombana vibaya,” alisema fundi viatu, ambaye pumzi ilikuwa imemrudia. “Ya kwanza iliishia na mbili. Nikamwambia kinyozi, haya, chukua ufagio. Mara shemeji akasoma nyingine, saba. Halafu nyingine tena, tisa. Kinyozi akasema inahesabiwa ya mwisho. Mimi nikasema ya kwanza. Ikabidi kila mtu afagie nusu yake.”

“Ulizisikia zote tatu kutoka kwa shemeji yako?”

“Kwa masikio haya. Na kila mara fundi saa alikuwa ameziita.”

Kinyozi, alipoulizwa peke yake, alisema hivyohivyo, ila kwake yeye namba ya mwisho ndiyo halali na fundi viatu ni mkorofi. Mpelelezi aliupiga ubao picha tatu na kuvaa kiatu chake.

Kwa karatasi, kesi ilikuwa imekwisha. Mke alikuwa amesema kweli. Namba mbili zilifika mkononi mwa mume kabla ya ile iliyofungua, na baada ya hapo hakuna aliyejua zilikokwenda. Mkuu wa kituo angefurahi. Lakini mpelelezi aliyekaa kazini miaka thelathini hujifunza kuangalia kile ambacho mwongo angekifanya, na mwongo asingeandika dakika ya kumi na mbili iliyo sawa kabisa na ya kampuni. Angeacha pengo, au angechana ukurasa. Daftari lile halikuwa limechezewa. Lilikuwa na ukweli, ila ukweli wake ulikuwa mfupi.

Alirudi kwa fundi saa na kumwomba mkewe asimame mlangoni, akiwa na simu. Mke alisimama, mlangoni kwake, si zaidi ya hapo.

“Fundi, leo ni Alhamisi,” alisema mpelelezi. “Fungua akaunti kama ulivyofungua Alhamisi iliyopita. Usinieleze. Fanya tu, tangu mwanzo, kwa mikono yako.”

Fundi saa alinyoosha shati, akaketi mbele ya kompyuta. Alikuwa mtu wa kufanya jambo kwa namna moja, na mikono yake ilikumbuka yenyewe. Alipandisha lenzi kwenye paji la uso. Aliandika jina la kampuni kwenye kisanduku cha kutafutia, orodha ikatokea, na akabonyeza ya kwanza. Ukurasa ulifunguka, rangi zilezile, nembo ileile, visanduku viwili vikingoja. Vidole vyake vilikuwa vimeshashuka kwenye herufi ya kwanza ya neno la siri mpelelezi alipoweka mkono wake juu ya mkono wa fundi.

“Usiandike kitu. Rudi nyuma, kwenye ile orodha.”

Akarudi.

“Sasa shusha lenzi yako. Unisomee pale juu kabisa, juu ya hiyo uliyoibonyeza. Pameandikwa nini?”

Fundi saa alicheka kidogo, akaona ni utani. Kisha akashusha lenzi jichoni, akainama kwenye kioo cha kompyuta kama anavyoinamia gurudumu la saa ya mkononi. Akapasoma herufi moja moja.

“Tangazo,” alisema.

“Na anwani iliyo chini yake?”

Alisoma. Haikuwa ya ile kampuni. Haikufanana nayo hata kwa mbali. Mtu ambaye angeweza kuona unywele kwenye meno ya gurudumu alikuwa ameipita mara moja bila kuiona, kwa kuwa lenzi ilikuwa kwenye paji la uso.

Mpelelezi alivuta kiti na kumweleza polepole, kwa sauti ya kufika hadi mlango wa ng'ambo. Nafasi ile ya juu hulipiwa. Mtu alikuwa ameilipia, akajenga mlango unaofanana na mlango wa kampuni, na akakaa nyuma yake akingoja. Fundi alimpa neno la siri, kisha akampa namba ya kwanza, na mtu yule akaikimbiza ikiwa bado hai kwenye mlango wa kweli. Akaingia. Ndipo ukurasa ukasema namba si sahihi, lete nyingine. Ya pili aliitumia kusajili anwani yake. Alipokwisha kupata alichotaka, alimsukuma fundi kwenye mlango wa kweli, na namba ya tatu ikafungua akaunti kama kawaida, kila kitu kikiwa bado mahali pake. Siku iliyofuata akachukua.

Alifungua kumbukumbu ya kurasa kwenye kompyuta na kumwonyesha. Alhamisi iliyopita, saa moja na dakika nane, anwani ya kigeni. Saa moja na dakika kumi na mbili, ya kampuni. Jumatatu tangazo halikuwepo, kwa hiyo aliingia kwa mlango wa kweli na kukuta patupu. Leo lilikuwa limerudi.

“Kabla ya kusafisha kompyuta, ulikuwa unaingiaje?”

Fundi saa alinyoosha mkono, akasogeza saa ya mezani iliyokuwa imeegemea kompyuta. Nyuma yake palikuwa na karatasi ya mwandiko wa binti yake, masharti matatu. Baba asimwambie mtu neno la siri. Namba aisome mama peke yake. Na la juu kabisa, lililopigiwa mstari mara mbili: ingia kwa nyota tu, usitafute. Nyota ilikuwa alama aliyoihifadhi binti kwenye kompyuta, ya kumpeleka moja kwa moja kwenye mlango wa kweli. Ilifutika Jumatano pamoja na vingine. Fundi saa aliona haya kumpigia binti simu kwa jambo dogo kama nyota.

“Na zile mara mbili zilizokataa?” aliuliza mpelelezi. “Mbona hukuziandika?”

Fundi saa alilifungua daftari, si nyuma, bali katikati, kwenye kazi zake. Alipekua kurasa nyingi. Kila mstari ulikuwa wa saa iliyopona, tarehe na dakika iliyoanza kutembea tena.

“Saa isiyopona siiandiki, afande. Sijawahi kuiandika tangu nilipoanza kazi. Ile ilikataa, nikaona mtandao mbaya. Ilipofunguka, nikaandika. Zile nyingine zilinitoka kichwani saa ileile. Si kwamba nilificha. Niliposoma daftari niliona mara moja, nikaamini mara moja.”

Kutoka mlango wa ng'ambo, mkewe alizungumza. Hakupaza sauti.

“Nilikwambia Jumatatu.”

“Ulinambia.”

“Nikakwambia tena Jumanne, nikiwa nimeshika begi.”

“Ulinambia, mama watoto.”

“Miaka ishirini na sita. Na wewe ukaamini daftari.”

Fundi saa alitoa lenzi kabisa kichwani, akaiweka mezani. Macho yake yalikuwa yamelowa, na saa zote ukutani ziliendelea kutembea pamoja, sekunde kwa sekunde. Mpelelezi, ambaye hapendi kuona watu wazima wakilia kazini kwao, alifungua faili na kuzitoa fomu mbili, akaziweka kwenye meza kando ya daftari.

Aliwaambia ukweli wote, kwa sababu nusu yake ingewarudia baadaye. Ile anwani ya mwizi angeifuatilia, na lile tangazo angelipeleka leoleo kwa wanaolirusha, ili asiingie mtu mwingine kwenye mtego huo. Akiba kurudi, hawezi kuahidi. Lakini faili halitakwenda saa nane na jina la mmoja wao, iwapo kila mlalamikaji atalikata jina aliloandika.

Fundi saa alichukua kalamu. Kwenye fomu yake alikata jina la mkewe kwa mstari mmoja ulionyooka, akaweka sahihi pembeni. Kisha akalivuta daftari, ukurasa wa nyuma, na juu ya ule mstari wa Alhamisi akabana mwandiko wake mdogo hata ukaenea: saa moja na dakika tisa, haikufunguka. Saa moja na dakika kumi, haikufunguka. Mama watoto alisoma namba mara tatu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuandika kitu kisichopona.

Fomu ya pili ilibaki mezani, na wino wake wa bluu.

Ilibaki kazi moja, mpelelezi alisema. Mwizi alikuwa bado na neno la siri la zamani, na anwani yake ilikuwa bado imesajiliwa. Akaunti hata ikiwa tupu, mlango lazima ubadilishwe kitasa. Aliweka barua ya kampuni mbele ya fundi saa, na fundi saa, lenzi jichoni safari hii, alinakili anwani kutoka kwenye barua herufi kwa herufi, akiisoma tena nzima kabla ya kubonyeza. Mlango wa kweli ulifunguka. Mpelelezi alimwonyesha namna ya kuhifadhi nyota mpya. Fundi saa akaandika neno la siri, na kisanduku cha namba kikatokea, kikingoja.

Alijaza kifua hewa, kama alivyofanya kila Jumatatu na Alhamisi kwa miaka sita, akageukia mlangoni kuita. Hakuita. Mkewe alikuwa amesimama hapo.

Alikuwa amevuka ujia, hatua nne, simu mkononi na pini zikiwa bado zimechomekwa kifuani. Aliichukua ile fomu yake mezani, akaitazama, akakata jina kwa herufi zake kubwa na kuirudisha kwenye faili bila kumwangalia mtu. Kisha akavuta kigoda na kuketi kando ya mumewe.

“Sogea,” alisema. “Na leo bado nalala kwa dada. Kesho tutaona.”

Fundi saa alisogea. Mkewe aliinama kwenye simu, akafungua midomo kusoma, na wakati uleule ubao wa pembeni uligongwa mara mbili.

“Shemeji,” sauti ya fundi viatu iliuliza, ikiwa na chaki tayari, “leo namba imechelewa?”

Mke alitazama ubao, kisha mpelelezi, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi kwenye kisigino cha kiatu chake.

“Leo hakuna,” alijibu.

Nusu dakika ilikuwa imepita na namba ilikuwa imebadilika. Alisubiri mpya itulie kwenye kioo, akamsogelea mumewe, akamsomea sikioni.